Petroli ya Miezi Minane

Shoga, weka kila kitu chini usome. Huyu mume wangu atanitoa roho.

Umeme umekatika asubuhi. Mayai thelathini yamo kwenye mashine ya kutotolea, zimebaki siku mbili vifaranga watoke. Nikasema sina wasiwasi, jenereta si ipo stoo?

Ipo! Miezi minane mzee anaipangusa vumbi na kuifunika shuka langu jipya kama bibi harusi. Kuiwasha? Hata siku moja. Nilimwambia, baba, iwashe japo mara moja kwa mwezi. Akanijibu, "Kitu hakitumiki, kitaharibikaje?"

Leo amevuta kamba mpaka suruali ikamshuka. Kimya.

Fundi kaja, kafungua kabureta. Petroli imeganda humo kama gundi! Akauliza, "Mzee, hukumwaga mafuta kabla ya kuiweka?"

Mzee akajibu, "Nilijaza tangi pomoni, isikae na njaa."

Shoga! Isikae na njaa!!

Fundi kaondoka na kabureta kwenda kuisafisha, atarudi jioni. Na mayai yanapoa.

Basi nimemvua mzee shati, nikamlaza chali kitandani, nikayapanga mayai yote mbavuni mwake, blanketi juu. Marufuku kujigeuza.

Sasa hivi ananiita, "Mke wangu, mgongo unakakamaa. Nikilala hivi mpaka jioni si nitaharibika?"

Nikamwambia, "Tulia, baba. Kitu hakitumiki, kitaharibikaje?"