Mazungumzo Yasiyohusika

Jumatatu, 3 Machi

Upande wa mashtaka umemkabidhi wakili wetu jalada la kesi. Kurasa mia mbili na kumi na sita. Nimelisomea ofisini kwake, kwenye kiti kibovu mguu mmoja, kuanzia saa tatu hadi saa saba.

Simu arobaini na moja zimenaswa, Agosti hadi Novemba. Nilitegemea kuona namba yangu. Haimo. Iliyonaswa ni namba ya mama.

Nikaisoma upya, tarakimu moja moja, kama ninavyosahihisha habari kabla haijaenda mitamboni. Ni yake. Ile simu ya vitufe, imefungwa mpira wa njano ili betri isidondoke.

Wakili aliniuliza kama nataka maji. Nilitaka kalamu.

Jumanne, 4 Machi

Niandike kwa mpangilio, maana kichwani mpangilio haupo.

Mtunza bohari wa hospitali aligundua dawa zilizokwisha muda zinabandikwa lebo mpya. Akanitafuta. Simu yangu sikuiamini – miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, nawajua. Nikajiona mjanja! Nikampa namba ya mama. Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, yeye anapiga, mimi nimeshaketi sebuleni kwa mama. Nani atahangaika na simu ya bibi wa miaka sabini na nane?

Ila mama hakukubali kugeuzwa kibanda cha simu. Anapokea mwenyewe. "Haloo? Haloo?" – mara mbili, siku zote. Kisha salamu. Nyumbani hawajambo? Mkeo? Mtoto kifua kimepoa? Dakika nne, tano. Mimi na daftari langu, nang'ata kalamu. Akambandika na jina: Mstaarabu. Alisema huyu anajua kusalimia, si kama mimi, naingia kwake kama niliyetumwa kusoma mita.

Habari ya kwanza ilitoka Oktoba. Tukaendelea kufuatilia. Mama alikufa Novemba, moyo, akiwa anaanua nguo. Mstaarabu alikamatwa Januari. Kosa: kutoa siri za ofisi. Tukajiuliza nani kamchoma. Tulimshuku msaidizi wake, tukamshuku dereva wa gari la dawa.

Kumbe ni mimi, na ujanja wangu.

Jumatano, 5 Machi

Karibu kila simu ya Mstaarabu jaladani inaanza hivi: "Mwanamke, mzee: mazungumzo yasiyohusika, dk 4, sek 10." Halafu ndipo tunaanza sisi, neno kwa neno, hadi kikohozi changu.

Yaani mtu alikaa akamsikiliza mama yangu dakika zote hizo, kisha akaandika neno moja: yasiyohusika. Nimemchukia kutwa nzima mtu nisiyemjua.

Jioni nikayatoa madaftari yangu ya miezi ile. Namba za maboksi, tarehe, majina ya dawa, sahihi zilizoghushiwa. Neno la mama – hakuna hata moja. Na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda mahabusu. Amekonda, shingo imebaki fimbo. Lakini mstaarabu ni mstaarabu: shikamoo kaka, kazini wazima, dada hajambo? Salamu zote, kioo katikati yetu.

Nikamwambia namba gani ilinaswa. Akasema basi Bi Mkubwa alikuwa sahihi.

Simu ya arobaini na moja. Ilikuwa Jumanne, nami sikuwapo – mhariri alikuwa ametuita kula keki kupongeza habari ileile. Mstaarabu alipiga kama kawaida. Mama akamwambia asipige tena: humu ndani kuna mtu, namsikia anapumua. Kesho yake asubuhi mama akafa.

"Alisema nini kingine?"

"Alisema mengi, kaka. Kuna neno alisema nikufikishie."

"Neno gani?"

Akaweka kiganja kwenye paji la uso. "Ndilo najitahidi kulikumbuka hapa. Lile la kupumua lilinitia hofu, mengine yote yakanitoka. Nisamehe."

Ananiomba msamaha yeye. Mimi!

Nimeangalia jalada. Simu ya 41: "Mazungumzo yasiyohusika, dk 6, sek 52." Nzima. Hata pumzi zake mwenyewe msikilizaji hakuziandika.

Jumapili, 9 Machi

Kwa dada. Nilimkuta anapanga nguo za mama: za kugawa, za kubaki. Nikamwambia bila kuzungukazunguka kwamba kumi na mbili kati ya simu zile ni zake.

Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Hata ile ya mimba?"

Sikujua habari ya mimba yoyote. Alinisoma usoni.

"Ilitoka Septemba. Nilimwambia mama peke yake. Hata shemeji yako sikumwambia."

Nilimwambia wameandika haihusiki. Maneno ya kijinga kuliko yote niliyowahi kusema, nami nimesema mengi.

"Haiwahusu, na bado wakasikiliza mpaka mwisho?"

"Ndiyo."

Aliendelea kukunja. Baadaye, bila kunitazama, akauliza kama nilikuwa nakuja kumwona mama au kuiona simu. Nikajibu vyote viwili. Akacheka – kicheko cha mama kabisa, cha puani. Alisema mama alikuwa anajua. Alikuwa anajipaka mafuta saa tisa na nusu, kila Jumanne na Ijumaa, anasema leo mgeni wa simu anakuja.

Kuhusu zile sauti, neno lake ni moja. Zichomwe. Zote!

Jumanne, 11 Machi

Ofisini kwa wakili, tangu saa mbili.

Kibali cha mahakama wanacho, ila kina namba moja tu: yangu. Yangu haikuwa na cha kusikiliza, basi wakahamia kwa mama bila kurudi kwa hakimu. Hapo ndipo kesi ilipo. Katiba inalinda mawasiliano ya kila mtu, na mama alikuwa mtu. Ombi ni langu, kama mtoto wake; mahakama ikikubali, sauti zote zinaondolewa kwenye ushahidi na kuteketezwa. Bila sauti hizo hawana kitu mkononi, na Mstaarabu anarudi kwake. Zikibaki – miaka saba.

Wakili wa serikali ameshajibu kwa maandishi kwamba marehemu hana faragha. Wakili wangu kacheka. "Walipokuwa wanamsikiliza alikuwa marehemu?"

Nikauliza, kwa sauti ya kawaida, kama naweza kupata nakala ya ile moja. Ya arobaini na moja.

Alivua miwani.

"Hapana, mzee wangu. Tumeapa kwamba hazikustahili kuwapo hata sekunde moja. Ukiomba nakala watasema, kumbe zinawafaa. Hiyo hiyo wataifanya hoja."

Alhamisi ni masjala, kutambua sauti. Lazima mtoto wa marehemu athibitishe, simu moja baada ya nyingine, kwamba anayeongea ni mwenye namba, si mimi. Karani anacheza sauti, mimi nasema ndiye, anazima, anaweka nyingine. Wakili wa serikali atakuwapo. Na saa yake.

"Neno moja," wakili alisema. "Ndiye. Ukikaa unasikiliza, kila sekunde wataiandika. Jumatatu watasimama mbele ya jaji waseme mwombaji mwenyewe amezipokea."

Nilimwambia ameeleweka. Mimi si mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu kuikumbuka sauti yake. Nakumbuka maneno. Sauti, hapana. Nikivuta inakuja ya dada.

Mhariri kapiga simu ya mezani. Anataka makala kuhusu sheria ya kunasa simu, maneno elfu moja, "na wewe mwenyewe ndani, watu walie kidogo." Nilimpa maneno elfu moja. Mimi simo.

Alhamisi, 13 Machi

Masjala ya mahakama, chumba namba nne. Majalada hadi darini, feni imekatika panga moja. Karani ni mama wa makamo, kajitanda mtandio wa kijani, ana vipokea sauti vya kichwani viwili, kimoja changu, kimoja chake. Wakili wa serikali kaketi karibu na mlango, saa ya mkononi ameivua kaiweka juu ya karatasi. Wakili wangu kasimama. Nje, kwenye benchi, mke wa Mstaarabu na mfuko wa shati safi. Anasema mumewe akitoka atoke msafi.

Ya kwanza. "Haloo? Haloo?"

Nilisema ndiye kabla sijajua nimesema. Sekunde tatu. Karani akazima.

Hivyo hivyo hadi arobaini. Haloo, haloo, ndiye. Haloo, haloo, ndiye. Ya Septemba na dada, nilisema kabla hajamaliza haloo ya pili. Wakili wangu ananikonyeza: vizuri. Nimefanya kazi nzuri.

Saa tano na nusu kompyuta imegoma. Imebaki moja. Karani kaizima anaiwasha upya. Naandika huku nimekaa. Daftari liko gotini, hakuna aliyenikataza.

Mke wa Mstaarabu amechungulia dirishani. "Shemeji, imebaki moja tu, eh?"

"Moja tu."

"Mungu mkubwa."

Karani amenisogezea maji. Ameongea chini, midomo haichezi: "Baba, mimi nazima ukisema. Usiposema, sizimi." Halafu akamwambia wakili wa serikali, kwa sauti ya ofisi, kwamba mashine iko tayari.

Kwenye kioo cha kompyuta: 41. Dk 6, sek 52.

Amebonyeza. Naandika ninachosikia. Mkono huu haujui kazi nyingine.

"Haloo? Haloo?"

Sekunde nne.

"Mstaarabu! Hujambo mwanangu. Leo hajafika bwana wako, amekwenda kula keki."

Anacheka puani. Sekunde kumi na moja. Wakili wangu ameshika bega langu.

"Usipige tena hapa. Kuna mtu humu, namsikia. Na wewe uliyemo, shikamoo haina kodi, ungesalimia."

Sekunde ishirini na mbili. Wakili wa serikali ameokota kalamu. Mke wa Mstaarabu bado yuko dirishani, ameukumbatia mfuko.

Bega linabanwa. Karani ananitazama. Ndiye?

"Sasa sikiliza, Mstaarabu. Ukimwona yule mwanangu, mwambie –"

Nimesema: ndiye.