Neno Lililobaki kwa Mama

Brăila, Novemba

Mdogo wangu mpendwa Tiberiu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini huko Valencia mu wazima, na mgongo wa Anca umepata nafuu. Sisi tunapumua, ingawa nyumba imepoa tangu Mama alazwe hospitali.

Haya nimeshindwa kukueleza kwenye simu. Tangu apatwe na kiharusi Mama alikuwa hasemi. Wiki iliyopita kauli ikarudi, na neno la kwanza likawa lile tusi chafu ambalo watu huliandika kwenye kuta za lifti na kulipigia kelele uwanjani. Mui, mui, mchana kutwa. Mama yetu, mwalimu wa Kiromania, aliyekufukuza mezani na supu yako kwa kulitamka neno hilohilo! Wauguzi wakacheka. Mtu mmoja aliyekuja kumtazama mkewe akasema, "Bibi huyu anamshinda dereva wa teksi!" Kwa aibu nikamziba Mama mdomo kwa kiganja. Akalia.

Kitanda cha pili amelazwa mama mmoja wa Kiroma, watu wale wanaoitwa Wajipsi kwa dharau, jina lake Leana. Akanikemea, "Toa mkono, binti! Hatukani huyo. Kwetu mui ni mdomo tu. Nyie ndio mliookota neno letu mkalitia uchafu. Anakwambia mdomo unamuuma."

Daktari alipotazama, akakuta jipu kwenye fizi, limeshafika mfupani. Wamelipasua, lakini sumu imeingia kwenye damu.

Nikamuuliza Leana, Mama amejifunzia wapi Kiroma. Akanitazama kwa huruma, akasema lugha inayotangulia kurudi baada ya kiharusi mtu hafundishwi, huinyonya kwa mamaye. Tibi, Mama ni Mroma. Wale jamaa zake wa Tulcea aliosema wamekufa kwa mafuriko sijui kama waliwahi kuwepo.

Tangu jipu lipasuliwe wanaongea wawili hao. Mama anacheka kicheko nisichopata kukisikia maishani, nami nimekaa pembeni na sufuria ya supu kama mgeni. Jana alinitazama kwa muda, akamnong'oneza Leana jambo, akageukia ukutani. Nikamsihi Leana anitafsirie. Akasema, "Ananiambia nipunguze sauti. Anasema yule mama Mromania wa supu ana mikono ya upole, lakini asije akajua sisi ni nani."

Njoo, Tibi. Daktari hatupi matumaini. Nibusie watoto, na Anca mwambie namkumbuka.

Ni mimi dadako,
Smaranda