Damu ya Anastazia na jina nililompa

Jumanne. Mvua imeanza kabla sijanywa chai, na magoti yangu yalikwisha kuniambia tangu jana.

Kwa zaidi ya miaka sabini nimeficha jambo. Ukoo wangu wote unaamini kwamba marehemu mke wangu, Anastazia, alipokuwa na mimba yetu ya kwanza, alikuwa na mwanamume mwingine. Alikiri kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya wamama watatu. Ulikuwa uongo. Ninajua, kwa sababu jina la mwanamume yule nilimpa mimi.

Nimeandika. Nilidhani kidole kitakataa.

Mjukuu wangu Mireille ndiye aliyenifungulia ukurasa huu wa mtandaoni, ili niwaeleze wajukuu walio mbali habari za Elisabethville ya zamani, ndiyo Lubumbashi ya leo. Nimekwisha kuandika juu ya treni, juu ya shule, juu ya moshi wa kiwanda uliochafua nguo kwenye kamba. Hayo ni rahisi. Daktari wangu wa moyo ameacha kunipa tarehe ya kurudi. Ananiambia tu nije nikijisikia vibaya. Nimeelewa.

Mireille amelala chumba cha pili, ukuta mmoja kati yetu. Ana mimba ya wiki kumi na moja. Wiki mbili zilizopita alitoka bafuni ameshika mlango, akasema, "Kambo, niko natoka damu." Huku kwetu Lubumbashi babu ni kambo. Nilitaka kusimama, na ni yeye aliyenirudisha kitini. Mume wake Trésor alimpeleka kwa daktari kwa teksi, akimgombeza dereva kwa kila shimo la barabara ya Naviundu.

Walirudi na picha ya ekografi, ile ya mashine inayotazama ndani ya tumbo. Mireille alinieleza polepole, jinsi nilivyokuwa nikimweleza hesabu alipokuwa mdogo. Mtoto yuko ndani ya mfuko wake na moyo wake unapiga. Kando ya mfuko, kati yake na ukuta wa tumbo la uzazi, kuna damu imejikusanya. Ndiyo hiyo inayotoka. Daktari anaiita hematome. Mara nyingi inakwisha yenyewe, mara nyingine hapana. Apumzike, asinyanyue vitu vizito, damu ikizidi arudi mbio.

"Na nani ameileta?" nikauliza.

Alinicheka kidogo. "Hakuna mwenye alileta, Kambo. Inatokea tu."

Nilimwomba ayarudie maneno hayo. Kisha nikaomba nishike ile picha, nikakaa nayo mpaka chai ikapoa. Doa jeusi la ile damu ni dogo, jembamba, limejikunja kama ukucha uliokatwa. Sitajua kamwe kama ndivyo ilivyokuwa ndani ya Anastazia. Wakati ule hapakuwa na mashine ya kutazama. Palikuwa na wamama.

Jumapili shangazi wa Trésor alikuja kumwombea Mireille. Aliomba vizuri, sina neno. Lakini alipofika mlangoni aligeuka. "Mwanangu, uchunguze moyo wako. Damu haitoke bule."

Tangu hapo Mireille anachunguza. Leo asubuhi nilimsikia akimwambia Trésor labda ni yale magunia ya unga aliyohamisha, labda ni ule ugomvi wao wa Pasaka, labda ni ile siku alipodanganya kazini kwamba anaumwa. Trésor alikuwa akijibu "hapana, hapana" kwa kila moja, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

Ndiyo maana ninaandika leo. Sina hakika na Jumanne nyingine.

Tulikuwa wapya katika ndoa, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mimi nilikuwa moniteri, ndivyo walivyotuita sisi walimu weusi wa shule ya misheni. Nilikuwa na nyumba ya vyumba viwili, baiskeli na makoti mawili. Moniteri aliyepatikana na kosa la uzinzi alifukuzwa, na nyumba aliiacha kabla mwezi haujaisha. Nilikuwa nimeona wawili wakifunga mizigo yao.

Anastazia alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini. Akicheka alifunika pua, si mdomo. Sijui kwa nini. Sikumwuliza kamwe, nikidhani muda upo.

Mimba ilikuwa katika mwezi wa tatu alipoona damu kwenye shuka. Nilimpakia kwenye baiskeli nikaisukuma mpaka dispansari. Sista wa huko alikuwa mfupi na mkali, aliwapokonya wanaume sigara zao kwenye foleni. Alimpima, akatuambia maneno machache: alale, miguu juu kuliko kichwa, asichote maji. Basi nilichukua matofali manne palipokuwa pakijengwa darasa jipya, nikayaweka chini ya kitanda upande wa miguu. Anastazia akasema anaogopa atateleza usiku aangukie kichwa. Nikamwambia nitamshika. Nilimshika.

Vitambaa vyake nilivifua mwenyewe. Sikutaka mtu avihesabu.

Lakini habari za damu hazikai ndani ya nyumba. Na kwetu, mimba ikitoka damu, wakubwa hawakuuliza ni ugonjwa gani. Waliuliza ni nani. Waliamini kwamba mmoja wa wawili amekwenda nje, na mtoto anakataa kukaa katika tumbo la nyumba iliyochafuliwa. Mwenye kosa akitaja jina, anaogeshwa kwa maji ya mizizi, mtoto anatulia. Asipotaja, mtoto anakufa, na ni yeye aliyemwua. Anayeulizwa kwanza ni mume. Anaulizwa nje ya nyumba, na mwanamume mwenzake.

Mjomba wangu Kasongo alifika kwa baiskeli, akanikuta nyuma ya nyumba, mikono ndani ya beseni.

"Moniteri mukubwa, sasa umekuwa bibi?"

"Iko anaumwa, Mjomba."

Aliacha utani, akachuchumaa karibu yangu. "Nijibu kama mwanaume. Weye uko na muntu inje?"

Nikasema hapana. Alinitazama, akakohoa, akaingia ndani kuwaambia wamama watatu wa ukoo waliokuwa wakingoja.

Akabaki Anastazia.

Mkubwa wa wamama wale alikuwa Mama Ngoie, dada wa mama yangu, aliyenilea. Nataka ieleweke kwamba alimpenda Anastazia. Alikuwa akilia alipomshusha kitandani. Lakini mwanamke aliyelala haungami, desturi ndivyo ilivyosema, kwa hiyo walimkalisha kwenye mkeka, mgongo ukutani, siku tatu. Usiku walimwacha alale kidogo, alfajiri wakamwamsha.

"Mwanangu, sema. Hatutakupiga. Sema tu, mutoto abakie."

"Mama, hakuna jina."

"Iko. Kama hakuna, damu ingetoka wapi?"

Nilikwenda shule, nikafundisha, nikarudi, nikamkuta palepale. Kila nilipopita aliniangalia bila kuniomba kitu. Vitambaa viliongezeka.

Siku ya tatu, mchana, wamama walitoka kusonga bukari, ugali wa kwetu. Aliniita kwa kidole.

"Bwana, nikisema jina, bataniacha nilale?"

"Watakuacha."

"Basi nipe jina. Miye sijue la kusema."

Nilifikiri sawasawa, kama mtu anayetafuta jibu la hesabu. Nikachagua Dominiko, seremala aliyetutengenezea kitanda. Alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda migodi ya Rhodesia, hana mke hapa, hana ndugu, ameapa hatarudi. Hakuna atakayepigwa. Nilijiona nimechagua vizuri.

Alilirudia mara mbili, taratibu. Kisha akaniuliza, "Alikuwa na sura gani? Sikumwangalia."

"Mufupi," nikamwambia. "Kidole kimoja kimekatika."

Wamama waliporudi, alilisema. Mama Ngoie alimkumbatia kwa furaha, kama aliyezaa saa ileile. Walimwogesha, wakamrudisha kitandani, na Mama Ngoie mwenyewe alisukuma matofali yakae sawa. Anastazia alilala mpaka kesho yake mchana.

Wiki zilizofuata zilikuwa, sina neno jingine, nzuri. Nilipika mwenyewe. Jirani yetu alionja bukari yangu akasema, "Moniteri, hii si unga, hii ni chaki ya shule," na habari ikazunguka mtaa mzima. Jioni kabla jua halijazama nilikaa kando ya kitanda nikamsomea insha za wanafunzi. Mmoja aliandika kwamba ng'ombe ni mnyama mwenye miguu minne, miwili ya mbele na miwili ya akiba. Anastazia alifunika pua, kisha akashika tumbo, akaniomba nisimchekeshe, anaogopa. Nikasoma ya kuhuzunisha, akacheka zaidi.

Damu ikawa ya kahawia. Ikapungua. Asubuhi moja kitambaa kilikuwa safi, na alinionyesha kwa mikono miwili, kama shuka la altare.

Watu wote wakasema: mwaona, amelitaja, mtoto ametulia.

Benoît alizaliwa mnene, mwenye makelele. Wamama walimfungua nguo wakamhesabu vidole. Alikuwa na kumi. Hata hivyo, kwenye arusi na kwenye matanga, hakukosekana wa kumwita mutoto wa seremala. Alilisikia akiwa na miaka sita. Sasa ana zaidi ya sabini, ni baba yake Mireille, anakaa Likasi, na kwenye mikutano ya ukoo haji. Nimewaambia watu ni kwa sababu ya barabara.

Benoît, najua unausoma ukurasa huu. Una masikio yangu na hasira yangu ya asubuhi. Hujawahi kuwa wa mtu mwingine.

Kuna jambo la kanisani ambalo halitoki kichwani mwangu. Katekista alipata habari, akampelekea padri, na padri akamkataza Anastazia kukomunika mpaka atakapoungama kwake. Nilimwambia aungame tu, yaishe. Alikataa. "Bamama nilibadanganya. Mungu sitamudanganya." Basi alikaa benchi la nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, tumbo likikua, mpaka Benoît alipokuwa na miezi minne na padri mpya akaja asiyejua lolote.

Mimi nilikaa mbele na wanafunzi wangu. Kila Jumapili nilisimama, nikaenda, nikafungua mdomo nikapokea. Kisha nilipaswa kugeuka na kurudi mahali pangu, uso ukielekea nyuma, ambako yeye yuko. Sikuwa na pa kuangalia pengine. Na yeye, mara nyingi, alikuwa akinionyesha kwa kidole kwamba kola yangu imepinda.

Hakuniuliza kitu katika miaka arobaini na saba ya ndoa. Mara moja tu, tukiwa wazee, alikuwa akichagua maharage kwenye ungo, akasema bila kuinua macho, "Bwana, ile siku Mjomba alikuuliza, ulijibu haraka." Nilisubiri aendelee. Akapuliza maganda, akaendelea na maharage yake.

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kumjibu. Alikaa na ungo ule karibu saa nzima.

Mvua imepungua. Mireille ameamka, namsikia akimwita Trésor amletee maji. Asubuhi damu ilikuwa kidogo tu, ya kahawia. Hatujui. Keshokutwa watampiga picha nyingine, na nimeomba nipelekwe pia, nikae nje kwenye benchi. Trésor amekubali, amesema atanibeba kama begi.

Mireille, mwanangu, hukumwita mtu yeyote kuja kumwaga damu hii. Si magunia, si ugomvi, si uongo wa kazini. Mtoto akikaa, tutafurahi. Akienda, tutalia pamoja, na hakuna atakayekukalisha kwenye mkeka ningali hai. Jumapili shangazi akirudi, nitamwomba aketi karibu nami, na nitamweleza habari zote za bibi yako, tangu mwanzo.

Lakini siwezi kumweleza nusu. Nimewaambia kwamba Anastazia alisema uongo na kwamba mimi ndiye niliyempa. Wote mtadhani nilifanya hivyo kwa huruma, ili apate kulala. Huruma ilikuwepo. Ningeweza kumlaza siku ya kwanza ileile, kwa neno moja, pale penye beseni, kwa sababu desturi iliridhika na jina la upande wowote.

Jina lilikuwepo upande wangu. Aliitwa Helena, mjane wa mtaa wa Kenya hukuhuku mjini, nilikuwa nikienda kwake kila Alhamisi baada ya shule, na Alhamisi ya wiki ile, Anastazia akiwa ameketi kwenye mkeka, nilikwenda.