Bakuli la Mama Huko Shimabara

Farsta, Stockholm

Mdogo wangu mpenzi Zuhura,

Nakusalimu kwa mapenzi, nikiomba miguu yako iwe imepungua kuvimba na usingizi uwe unakuja. Mimi si mzima, na leo sitakuficha. Baridi imetufungia ndani. Binti yangu Rukia ndiye anayenivisha. Wajukuu nikiwaita kwa Kiswahili wananijibu Kiswidi, lakini wanakuja.

Mwaka jana daktari aliniambia moyo wangu utastahimili safari moja tu ya mbali. Wewe ulikuwa unaningoja Unguja. Nami nikaenda Japani, kwenye mji aliozaliwa mama yetu, na sikukwambia.

Shimabara ni mji mdogo, mlima nyuma, bahari mbele. Aliyotusimulia Mama akitushonea kanzu ni kweli tupu. Maji ya chemchemi yanapita katikati ya njia, baina ya nyumba za askari wa zamani, safi hata vijiwe unaviona. Ngome iliyobomolewa kabla yeye hajazaliwa wameijenga upya, nyeupe. Ngazi zilinishinda, nikaitazama kutoka chini.

Mdogo wake Mama yu hai, kikongwe, mfupi kuliko wewe. Mwalimu mmoja wa Kiingereza alitufasiria.

"Masikio ni ya kwetu," alisema akinikagua. "Hayo mengine sijui dada yangu aliyaokota wapi."

Nikacheka. Akaleta vitonge vidogo vya unga wa mchele katika maji baridi ya sukari, chakula cha mji ule. Mwalimu hakutaka kula, lakini yaliletwa mabakuli matatu. Kwao, aliyesafiri huwekewa chakula nyumbani, asishinde njaa huko aliko. Mama aliondoka msichana, na kila sikukuu bakuli lake limewekwa.

"Mwenyewe anakuja lini?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba Mama alikufa. Nikamwambia mimi. Alilitazama bakuli, kisha akalisogeza kwangu.

"Basi kula wewe. Mimi nimechoka kumngoja."

Nililimaliza nikilia.

Zuhura, unaniandikia kwamba umepaka chokaa chumba changu na kitanda umeshaweka. Sitakuja. Nguvu niliyokuwa nayo niliimalizia kule, na sitaki nawe uzeeke ukichungulia njiani. Nisamehe. Waislamu wenzetu wa hapa wameniahidi kunisalia na kunizika.

Nisalimie shemeji Hamadi, mumeo, na Bi Mwanaidi, jirani anayekuchotea maji. Kile chumba mpe mjukuu wako anayeoa. Aingie na mkewe kabla ya Ramadhani.

Nduguyo akupendaye mpaka mwisho,
Kaka Salim