Zile Siku Tatu Usizokuwepo Mlangoni

Mzee Mihayo,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Ulipokuwa hai nilikuamkia huku natembea, funguo mkononi, hata uso wako sikuutazama.

Nimekaa kwenye kigoda chako, hapa mlangoni mwa ghala. Tangu tukuzike Ntalikwa hakuna aliyekubali kukikalia, basi nimekikalia mwenyewe. Ghala aliloniachia baba liko tupu. Msimu huu wa asali warina wanapita na nta vichwani, njia ile ile ya wapagazi wa zamani, wanakwenda kwa wanunuzi wa karibu na stesheni. Nikapandisha bei. Hawakugeuza hata shingo.

Nakumbuka ulivyokuwa ukipokea nta. Muuzaji anatua mzigo, unampa maji, unakata vipande viwili, kimoja chako, kimoja chake. Mnatafuna pamoja mkiulizana habari za msitu, moto umefika wapi, nyuki wamehamia wapi. Nta iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe hujulikana mdomoni, na mwenye hila hatafuni mbele yako bila kubadilika uso. Mimi na darasa langu la nne niliona uchafu tu, na uvivu.

Kisha wanunuzi wa Pwani wakaturudishia shehena nzima ya nta, ati ina mafuta. Nikakushukia mbele ya wachukuzi. Nilisema umezeeka, ulimi wako umekufa. Mzee wangu, maneno hayo yalitoka kinywani mwangu! Wewe uliuliza tu, "Mwanangu, nta hiyo ilinunuliwa siku gani?" Nikakujibu kazi yako ni kupokea, si kuhoji. Nikakupeleka nyuma uchochee moto wa kuyeyushia nta, mlangoni nikaweka mtu wa panga, apasue kila bonge mbele ya mwenyewe.

Juma lililopita alikuja yule mrina asali wa kwenu, mwenye kovu shavuni. Hakuwa na mzigo, alikuja kutoa pole. Nikampa maji, nikamwuliza kwa nini wamenihama.

"Mtu akikupasulia nta kwa panga, kakuita mwizi mbele za watu," alisema. Halafu akaongeza, kama jambo la kawaida kabisa, "Na ile mbaya iliuzwa zile siku tatu Mihayo alipokwenda kumzika dada yake. Walaghai waliambizana, mlangoni yuko mtoto."

Mtoto huyo ni mimi. Niliipokea mwenyewe, nimesimama, nina haraka, sikuonja hata chembe.

Na wewe ulijua. Uliniuliza siku ili nikumbuke mwenyewe, usinifedheheshe mbele ya watu. Nami nikakuacha ukikohoa kwenye moshi mpaka mvua zikaja, ukalala, hukuamka tena. Mara ngapi ulinisihi, "Njoo ukae nami hapa, asubuhi moja tu"? Kutoka mezani kwangu hadi mlangoni ni hatua chache, Mzee. Najuta.

Panga nimeliondoa. Jana alikuja mtu wa kwanza na mzigo wake. Nilikata vipande viwili, tukatafuna, na nikaona haya, maana sikuonja chochote cha kunijulisha kama nta ni safi. Nikamwambia hivyo hivyo. Alicheka sana, kisha akanifundisha, taratibu, niibane kwa meno ya mbele kwanza.

Alipoondoka nikawaita wachukuzi, wale wale waliosikia nikikutukana. Nikawaambia ile nta mbaya niliinunua mimi, Mihayo hakuwa na kosa. Nilitazamia washangae. Hakuna aliyeshangaa. Wote walikuwa wanajua tangu siku ile, ila mimi sikuwahi kuwauliza.

Pumzika, Mzee wangu. Nakuahidi, kigoda hiki sitakihamisha, na mtu wa mlangoni akiniuliza neno, nitakaa chini kwanza ndipo nimjibu.

Mwanao,
Salum