Pikapu Tatu za Kuni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mtoto asiyeamkia hana haki ya kusema neno, basi nakuamkia kwanza ndipo niseme. Nina jambo la kuungama. Nimelificha tangu nina miaka kumi na mmoja. Kila Idi na kila harusi nilikusikia ukilisimulia vibaya, watu wanacheka mpaka wanafuta machozi, na mimi niko pembeni natafuna halua kama sijui kitu. Sasa wewe hupo, na kunyamaza kumenishinda.

Ni habari ya zile kuni za Saiq, baridi yetu ya kwanza juu ya mlima huku Omani, juu ya Jabali.

Kabla ya baridi ile tulikuwa familia ya siku mbili kwa wiki. Wewe ulikuwa juu na mashine zako za maji, sisi tulikuwa Nizwa na mama. Ulishuka Jumatano alasiri na vumbi la njia ile ya mawe mpaka kwenye kope, na Ijumaa jioni ukapanda tena. Zuwena, mdogo wangu, kila Ijumaa alikufichia kiatu kimoja akiamini mtu hawezi kuendesha gari na kiatu kimoja. Siku moja uliondoka hivyo hivyo, mguu mmoja na kiatu, mmoja na ndara ya chooni, na yeye akalia mpaka akalala. Mimi nilikuwa mkubwa, silii mbele za watu, lakini nilikuwa sitaki kitu kingine duniani isipokuwa tukae nyumba moja sote wanne.

Mama ndiye aliyekuwa hataki kupanda. Nakumbuka maneno yake, tumekaa uwani, dada zake wawili wapo na vikombe vyao vya kahawa.

"Miye nimezaliwa Unguja, Ng'ambo," alisema. "Huko juu wanakaa mbuzi, hawakai watu. Maji yanaganda kwenye ndoo! Wataka kuniua?"

"Baridi gani hiyo?" ulimjibu. "Sisi Njombe asubuhi majani meupe, na shule tunakwenda peku."

"Ndo maana mkawa hivyo."

Dada zake walicheka, na wewe ulicheka kuliko wao. Hukuwahi kuona aibu kuwa mtoto wa bara, mwana wa Mmanga mwenye duka katikati ya milima ya Njombe. Ulisema baridi si adui, adui ni mtu asiyejua kuikaribisha. Ukamwahidi mama kwamba utamtengenezea jiko la kupasha nyumba joto, kama lile lililokuwa kwenu, na hatavaa hata soksi.

Mama akaweka sharti mbele ya dada zake, na hapo ndipo mambo yote yalipoanza. Baridi moja tu. Kuni uzipeleke zote mwanzoni, zikae mpaka miti ya mishmishi itoe maua, baridi ikiisha. Zikisha kabla ya hapo, yeye na wanawe wanashuka, na suala hilo lisizungumzwe tena mpaka Kiyama. Akaapa, wallahi wabillahi, na dada zake wakawa mashahidi. Ulimpa mkono kama mtu anayenunua ng'ombe.

Jiko lenyewe lilikuwa pipa la mafuta ya mashine. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Nizwa alilikata mlango, akalitia miguu minne na bomba refu, na mkalitia moto kwanza nje, kwenye uwanja nyuma ya karakana, ili rangi na mafuta viungue. Moshi mweusi ulipanda mpaka watu wakaja mbio na ndoo wakidhani gari linaungua. Wewe ulisimama katikati yao, mikono kiunoni, unawaeleza kwa Kiarabu chako chenye lafudhi ya Njombe kwamba hiki ni chombo cha kupashia nyumba. Mzee mmoja alikuuliza kwa upole kama umeshamwona daktari.

Kisha zikaja hesabu zako. Ulikaa na kalamu, ulimi nje. Marehemu bibi kule Njombe alichoma mzigo mmoja wa kichwa kwa siku, kuni za miwati, nyepesi. Huku tutachoma mgunga, ambao wenyewe wanauita sumri, mzito, unakaa motoni mara mbili. Basi nusu mzigo kwa siku. Watu wanne, chumba kimoja kikubwa, mpaka maua ya mishmishi: pikapu tatu. "Na zitabaki," ulisema, ukapiga mstari chini ya karatasi.

Mitarakwa ya Jabali haikatwi, wenyewe huokota matawi yaliyokufa tu, kwa hiyo kuni zetu zote zilitoka bondeni. Ulizifuata kwa wauzaji wa kando ya barabara Bidbid, safari tatu, na kila safari gari lilipanda ile njia kwa kunguruma na kuomba dua. Ulizipanga kwenye ukuta wa uwani chini ya kibanda cha mabati, ncha kwa ncha, usawa wa kidevu chako. Kila Ijumaa baada ya chakula ulitoka na futi yako ya chuma, ukazipima kwa urefu na kwa kimo, ukaandika kwa mkaa ukutani. Wanaume wengine hupima watoto wao hivyo.

Baba, zile wiki za mwanzo zilikuwa tamu. Asubuhi uliamka kabla yetu, nikawa nausikia mlango wa pipa ukilia, kisha kuni zikianza kupasuka pasuka, na mimi najikunja ndani ya blanketi nikijua kuwa upo. Upo Jumapili, upo Jumatatu. Zuwena aliacha kuficha viatu. Mama aliweka ubani juu ya pipa na nguo zetu za shule zikakaukia hapo, tukaenda shule tunanukia kama maharusi. Lakini alikuwa bado anakutania mbele yetu kwamba anahesabu siku.

Halafu kuni zikaanza kupungua kuliko hesabu. Wiki ya tano ulipima mara mbili. Ulilichunguza bomba, ukaziba nyufa za dirisha kwa matambara, ukamuuliza mama kama anapikia kuni badala ya gesi. "Hizo ndo hesabu za bara," alikujibu, akaendelea kukata vitunguu.

Mimi nilijua sababu kabla yako. Siku moja nilirudishwa kutoka shule saa nne asubuhi na homa. Mlangoni nilikuta ndara za kike, jozi tisa au kumi. Ndani, pipa lilikuwa limewaka mpaka ubavu wake mwekundu, na chumba kimejaa wanawake wa mtaani na watoto wao wachanga, shela zimevuliwa, mashavu yanang'aa. Ummu Said, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alikuwa anageuza vitumbua kwa mti huku mama akimwelekeza kwa Kiarabu cha kuokoteza na mikono. Nyumba zao zilikuwa na moto wa chini, moshi chumba kizima. Kwetu kulikuwa na joto bila moshi, na mlango wa watu wa kule haufungwi kwa mgeni. Mama alikuwa anacheka. Nizwa sikuwahi kumwona akicheka vile na watu wasiokuwa ndugu zake, kwa sababu Nizwa wanawake wa mtaa wetu walimwita "yule Zinjibari" na kahawa yao aliinywa haraka.

Alinivuta pembeni. "Usimwambie baba yako, habibti," alininong'oneza. "Haya yangu na wewe."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikaelewa nilivyoelewa. Nilidhani mama anazichoma kuni makusudi. Nilidhani amewaita wanawake wote wa Saiq wamsaidie kuzimaliza, ili kiapo chake kitimie na sisi turudi Nizwa, na wewe urudi kuwa baba wa siku mbili. Usiku huo sikulala, na haikuwa homa.

Sasa sikiliza, ndiyo hili. Kesho yake, wewe uko kazini, nilianza kuzipanga upya kuni zako ili zionekane hazipungui. Safu ya mbele niliiacha nzima, nzuri, ncha kwa ncha. Nyuma yake niliweka madebe matupu ya samli. Debe moja lilichukua nafasi ya magogo sita, nami yale magogo sita nikayapandisha juu ili kimo kisipungue. Kila siku mbili nilikuta debe jingine tupu limewekwa nyuma ya jiko la mama, nikalichukua, nikamshukuru Mungu kwa bahati yangu. Na wewe Ijumaa ulipima, ukaona zimesimama, ukarudi ndani umetanua kifua. "Nilisema! Mgunga ukishakauka sawasawa hauishi!" Nilikuona unavyofurahi nikataka kulia.

Njia ya mwongo fupi. Yangu ilifika wiki tatu tu. Ijumaa ile ulikuja na wenzako wawili wa kazini kutoka msikitini, nao walikuwa na hamu ya kutengeneza mapipa yao, ukawapeleka uwani kuwaonyesha hesabu. Ukavuta gogo moja la katikati uwaonyeshe uzito wake. Kwanza liliporomoka moja. Kisha ukuta mzima ukaja, na nyuma yake madebe, moja juu ya jingine, yanagonga sakafu ya mawe kwa kelele ambayo naamini iliwaamsha waliolala Birkat al Mauz, chini ya mlima. Debe la mwisho lilibingirika mpaka miguuni pako likasimama.

Nyuma ya madebe hakukuwa na kuni. Kulikuwa na ukuta mtupu. Na mishmishi bado ilikuwa vijiti vitupu.

Mama alitoka na mwiko mkononi. Zuwena nyuma yake. Wewe uliyatazama yale madebe, na sura yako sikuwahi kuiona vile kabla ya hapo wala baada yake. Hukukasirika. Ulikuwa umeshindwa.

"Nani kafanya hivi?" uliuliza taratibu.

Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Mie."

"Wewe? Kwa nini?"

"Kwani hujui kwa nini?" Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya. "Si tuliapiana kuni zikisha tunashuka? Basi mie sitaki kushuka. Haya, umeshajua, jitie kichwa kikubwa. Na usinicheke mbele ya wageni."

Hukucheka. Ulikaa juu ya debe, ukaweka mikono usoni, na mabega yako yakawa yanatikisika. Wenzako waligeuka wakawa wanatazama mlima kama hawajawahi kuuona.

"Nashuka Bidbid," ulisema, ukainuka. "Sema, nilete ngapi?"

"Lete mpaka gari likatae," mama alikwambia. "Ulihesabu watu wanne. Hii nyumba haina watu wanne, ina mtaa mzima. Pikapu tatu ni za watu wanaofunga milango."

Uliondoka bila kula, na siku ya wali wa nazi! Ulirudi baada ya magharibi, gari limelala ubavu kwa mzigo, na Ummu Said na mumewe wakaja kukusaidia kushusha. Kwa desturi yao ya kutokwenda mahali mikono mitupu, kuanzia kesho yake kila mwanamke aliyekuja kuota moto kwetu alikuja na kuni yake chini ya shela. Mpaka mishmishi inatoa maua, uwani kwetu kulikuwa na kuni nyingi kuliko ulizoleta.

Tangu hapo ukawa na hadithi yako: mke wangu alinidanganya kwa madebe ili asiniache. Ulivyoipenda! Na kila ulipofika kwenye yale madebe, mama aliinamia kikombe chake, na mimi nilitia halua nyingine mdomoni, kwa sababu nilijua si yeye. Ni mimi, baba. Ni mimi niliyekudanganya, na mama alibeba lawama ili nisipigwe. Ndivyo nilivyoamini miaka yote hii. Sikukwambia kwa sababu nilihofia kukunyang'anya hadithi uliyoipenda kuliko zote.

Eda ya mama ilipokwisha nilipanda Saiq kumchukua. Lami imefika sasa, hata gari langu dogo la kwendea kuwasomesha watoto wa watu lingepanda lau si askari wa kizuizi cha chini, wanaoruhusu magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne tu, nikapelekwa na jirani. Nilimkuta mbele ya pipa. Hita ya umeme niliyomnunulia ipo, imekaa kwenye boksi lake, juu yake kaweka mashuka. Nikamwambia yote, kuanzia homa mpaka madebe, na kwamba namshukuru kwa kunikinga siku ile.

Akaanza kucheka, kile kicheko cha saa nne asubuhi.

"Samli debe zima kila siku mbili, mwanangu? Kwa vitumbua gani? Nilikuwa nayaomba kwa Ummu Said, nakuwekea nyuma ya jiko. Nilikuona tangu siku ya kwanza unahangaika na magogo. Nilishaapa mbele ya dada zangu, ulimi nishautanguliza, ningemwambiaje baba yako kwamba nataka kukaa? Nikasema, huyu mtoto ana akili, na amalize kazi."

Basi nakuarifu, baba: hadithi yako ilikuwa kweli. Uliyoisimulia miaka yote, neno kwa neno, alikudanganya kwa madebe ili asikuache. Nimefurahi mno, natamani ningekupigia simu.

Mabegi yake nilikuwa nimeshayafunga. Nilimbembeleza ashuke akae nami Nizwa, kuna joto, kuna hospitali karibu, kuna wajukuu. Alitia gogo motoni, akafunga mlango wa pipa kwa mguu.

"Mimi na baba yako tuliapiana kuni zikisha ndo nishuke," alisema. "Tizama uwani."

Nilitoka nikatazama. Zimepangwa ukuta mzima, ncha kwa ncha, usawa wa kidevu chako, na nilipovuta gogo la katikati, nyuma yake kulikuwa na gogo.

Mungu akulaze pema. Mkeo yuko juu, hajashuka.

Binti yako mkubwa