Udi wa Alhamisi

Msambweni,
12 Agosti 1965

Dada yangu Mbodze,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Tanga ukiwa mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Mwanao Mwanarusi anakuamkia na ameniagiza nikuandikie kwamba jino la mbele limeng'oka. Najua ulisema ukisikia tena amebanwa na pumu utakuja kumchukua. Nisome mpaka mwisho kwanza.

Tangu masika tumekuwa na wagonjwa tisa wa pumu hapa mtaani, kila mmoja akihangaika kivyake, huyu kwa sindano, huyu kwa hirizi. Mwalimu Chirau wa skuli akasema sasa tuna serikali yetu, na chanzo cha pumu nacho tukitafute kwa umoja. Tukaunda kamati: yeye, Bwana Katana dresa wa zahanati, Bi Shutu mganga wa pepo, na mimi katibu. Nadhani walinichagua kwa kuwa napenda kuuliza watu mambo yao. Wanijua, dada, sijapata kupita mlango uliofungwa bila kuchungulia.

Nilipita kila nyumba na daftari. Amebanwa siku gani, saa ngapi, alikula nini, upepo ulitoka wapi. Bi Shutu alitaka niandike na ndoto. Bwana Katana alicheka, lakini niliziandika.

Katika kurasa zote moshi ulijirudia, nami nikaamua ni ule wa Mzee Boga, anayekausha mbata kwa moto wa makumbi ya nazi katikati ya mtaa. Nilimsema kikaoni, tena kwa ukali. Alijitetea kwamba baba yake alikausha pale pale na hakuna aliyekohoa. Mwisho akauzima kwa heshima ya kamati, akauhamishia shambani, mwendo wa saa nzima kwa miguu yake ile.

Wagonjwa wanane walipata nafuu, nikajisifu sana. Wa tisa ni Mwanarusi. Nilifungua daftari upya nikaona kila alipobanwa ilikuwa Alhamisi, kuelekea magharibi. Kwa nini Alhamisi? Swali hilo lilinifuata mpaka jikoni, nikaunguza wali. Kisha tukaenda Mkongani, mimi naye, kumsaidia shangazi kuvuna mahindi, Alhamisi ikapita asikohoe hata mara moja.

Hapo nikakumbuka ninachofanya nyumbani siku hiyo. Nawasha chetezo, nazifukiza nguo za Ijumaa, na mtoto huketi karibu yangu. Ni ule udi unaotuletea wewe, dada. Mwanarusi husema ndiyo harufu ya mama.

Sasa nakwambia nililoficha. Ningeweza kuacha tu kufukiza. Lakini nilitaka kujua kwa hakika. Alhamisi iliyopita, alasiri, niliwasha chetezo makusudi, nikamwita aketi mahali pake, nikaketi na daftari nikiangalia saa. Nilikuwa bado naandika dakika alipoushika mkono wangu wa kalamu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimbeba mbio hadi kwa Bwana Katana, na sindano ndiyo iliyomrudisha. Alipopata pumzi aliniomba radhi kwa kumwaga wino.

Tangu siku hiyo sijapata usingizi mzuri. Nimeona haya, dada. Mzee Boga alizima moto wake kwa neno langu, na wangu sikuukagua. Jumapili nitausoma ukurasa wa Alhamisi hiyo mbele ya kamati, na Mzee Boga awepo asikie, maana nyumba zinazofukiza Alhamisi hapa ni nyingi.

Ukija kumchukua sitakuzuia, ingawa sina mwingine nyumbani. Ila udi usilete tena. Lete kanga yako moja uliyoivaa ukipika, isiyofukizwa wala kufuliwa, anuse mama.

Msalimie shemeji na majirani wote wanaonikumbuka. Mwanarusi amekuandikia jina lake hapa chini, peke yake.

Ni mimi mdogo wako,
Mbeyu

MWANARUSI